Pole ya Jabir

Mtaani kwetu Woodbridge, huku Marekani, ukimuulizia Jabir watu watakuuliza Jabir yupi. Ukisema Mzee wa Pole, hata watoto watakuonyesha mlango. Jina hilo tulimpa sisi Waswahili wa hapa, na tulimpa kwa utani, maana mtu yule hapitwi na chafya. Umepiga chafya, pole. Umebeba mfuko wa dukani, pole. Ukimwambia umetoka kazini ukakwama barabara ya 95, hapo utapewa pole mpaka uchoke, na mkono utashikwa. Mimi naendesha basi la shule, lile la manjano. Kila nikirudi nilikuwa namkuta nje anafuta lori lake, ananiambia, "Pole na watoto wa watu, dada Domina." Namjibu, "Nishapoa, shemeji." Uongo mtupu. Watoto wale kuna siku wananitoa roho.

Namwita shemeji kwa sababu ya mkewe, Kijakazi, shoga yangu wa kufa na kuzikana. Mimi Mhaya wa Bukoba, Mkatoliki. Wao Waislamu wa Chake Chake, Pemba. Nyumbani tusingejuana kabisa. Huku tumetenganishwa na ukuta mmoja wa mbao, Kijakazi akikaanga samaki kwake, mimi huku nameza mate.

Jabir alikuja Marekani bado kijana. Aliosha vyombo hotelini, akalinda maegesho ya magari, akaendesha teksi ya uwanja wa ndege mpaka watu walipoanza kuita magari kwa simu na teksi zikafa. Ndipo akapata kibarua kwa mzee mmoja Mmarekani aliyekuwa akiuza mafuta ya hita. Huenda hujui biashara hiyo, na mimi sikuijua. Ukitoka barabara kuu huku kwetu, ukaingia ndani ndani msituni, kuna nyumba za zamani ambazo bomba la gesi halikuzifikia. Zina tangi la mafuta besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, na mafuta hayo ndiyo yanayopasha nyumba joto wakati wa baridi. Lori linakuja, mtu anavuta mpira mrefu, anajaza, anaondoka. Basi, ndiyo kazi yenyewe. Yule mzee alipochoka akamwachia Jabir lori na wateja wake, wengi wao vikongwe wanaoishi peke yao.

Siku aliyolipata lori lile ungedhani amepata mtoto wa pili. Alilipaka rangi ya kijani, na mlangoni akaandikisha kwa Kiingereza: Jabir na Binti, Mafuta ya Hita. Binti ni Nadra, wakati huo yuko sekondari, akaona aibu mpaka akawa anaomba ashushwe mbali na shule. Baba yake akacheka. Alimwambia, "Utakuja kulitaka mwenyewe hili." Nadra akamjibu, "Baba, please." Watoto wetu hawa, Kiswahili wanakisikia chote, majibu ni Kiingereza.

Katika vikongwe wale alikuwapo mjane mmoja, Bi Whitlow, wa njia ya Dumfries. Majira ya baridi ya mwaka juzi Jabir alikwenda kumjazia tangi. Kawaida yake, kabla hajavuta mpira anashuka kwanza besimenti kuangalia. Akashuka, akakuta sakafu nzima inang'aa mafuta. Tangi lilikuwa limeliwa na kutu chini, likavujisha yote yaliyokuwa yamebaki. Jabir hakuwa ametia hata tone. Naomba mlishike hilo, maana ndilo lililokuja kupotea baadaye. Hata tone.

Bi Whitlow naye akashuka, akaona maboksi ya marehemu mumewe yameloa: sare zake za jeshi, picha za harusi, mablanketi yaliyoshonwa kwa mkono. Akakaa palepale kwenye ngazi akalia. Sasa wewe Mswahili, umemkuta bibi wa watu analia kwenye ngazi, unafanya nini? Jabir aliketi ngazi ya chini yake, akamshika mkono, akamwambia, "I'm sorry, mama. I am so sorry." Akakaa naye mpaka bibi akanyamaza. Kesho yake akarudi na Kijakazi, na sufuria la pilau, na ndoo, na brashi, wakasugua sakafu ile mpaka mikono ikawauma. Zile picha Kijakazi aliziondoa moja moja, akazianika juu ya taulo. "Mwenzangu," aliniambia, "yule bibi alikuwa akituangalia kama hajapata kuona watu."

Siku chache baadaye mtu wa kampuni ya bima ya lori lake akampigia simu Jabir. Kwa lori la mafuta huku huwezi kwenda popote bila bima. Hata lango la bohari ya mafuta halifunguliwi. Jabir alinihadithia simu ile huku akitabasamu.

"Kaniuliza, dada Domina, ulipomkuta yule mama ulimwambia nini? Nikamwambia, nilimwambia sorry. Kaniuliza tena, ulimwambia sorry? Nikamwambia, mara nyingi tu, na mke wangu kampelekea chakula, na sakafu tumemsafishia. Kanishukuru sana. Na bibi watamlipa vitu vyake vyote. Wallahi, waungwana watu wale."

Tukasema alhamdulillah, mimi nikasema Mungu ni mwema, tukala pilau.

Mwaka huu, baridi ikiwa imekaza kwelikweli, kampuni ikamwambia kwamba bima yake ikiisha haitaendelea naye. Bila maelezo. Jabir alikuja kwangu amevaa kandambili kwenye theluji, nikajua kuna jambo. Wakala aliyemkatia bima ile ni Ndirangu, Mkenya mmoja anayekaa Laurel, upande wa Maryland, kijana mchangamfu na suti zake za kubana. Tukamwita, akaja, akanywa chai ya Kijakazi, akakunja nne.

"Mzee Jabir, hii ni ESG tu," akasema.

"Ndiyo nini hiyo?" nikamuuliza. "Sema polepole, sisi si wa kwenu."

"Ni mazingira, jamii, na vile kampuni inajiendesha. Insurance siku hizi wanampima customer na hizo vitu. Sasa wewe Mzee unauza mafuta. Hapo kwa mazingira ushaanguka. Wasee hawataki tena mafuta kwa vitabu vyao."

"Wamekuambia hivyo wenyewe?"

"Si lazima waseme, Domina. Sisi tuko kwa hii kazi, tunajua."

Nilimwangalia. Mimi mtu akiniambia "tunajua" bila kuniambia amejuaje, damu inanipanda. Lakini Jabir alikuwa amemkodolea macho kijana yule utadhani daktari, na mtu aliyeshikwa na homa unamwacha amsikilize daktari wake. Ndirangu akaendelea. Akasema kuna muswada katika bunge la jimbo letu, kule Richmond. Ukipita, mamlaka inayosimamia bima haitaruhusiwa kuzilazimisha kampuni zitumie vipimo vile vya mazingira na jamii, na kampuni nazo hazitaruhusiwa kumnyima mtu bima kwa sababu tu ya biashara aliyo nayo. Wauza mafuta wana chama chao, na chama kinatafuta mtu mdogo wa kutoa ushahidi mbele ya kamati. Mtu mwenye lori moja. Mhamiaji ndiyo kabisa.

Nisitie chumvi. Muswada wenyewe mimi sikuupenda. Besimenti yangu imeingia maji mara mbili tangu nihamie, kwa mvua ambazo wazee wa hapa wanasema hawakuzizoea, na kama kuna mtu wa bima anayetaka kujua nani anaichafua hewa, mimi kwangu aulize tu. Nilimwambia Jabir hivyo hivyo. Akanijibu, "Dada, mie sibishani na hewa. Mie nataka lori liende. Bibi wa watu akikaa kwenye baridi, hewa itamfaa nini?" Mtu akiwa na lori moja na bima inayokwisha, utambishia nini?

Siku ya kwenda Richmond niliomba ruhusa kazini nikawaendesha mwenyewe. Jabir alivaa koti la sherehe, Kijakazi akampulizia manukato mpaka tukafungua madirisha. Nadra alikuja naye, sasa yuko chuo, amejikunyata nyuma na simu yake. Mlangoni tukapokewa na bwana mmoja wa chama cha wauza mafuta, mrefu, tai nyekundu. Jina lake alilitaja mara moja, likanitoka, nikambandika Tai mpaka leo.

Nikamuuliza Tai, mkalimani yuko wapi. Akasema kila shahidi ana dakika tatu, na mkalimani atakula mbili. Tena, akasema, Kiingereza cha Jabir kinatoka moyoni, waache wakisikie. Jabir akaniambia kwa Kiswahili, "Niache, dada, n'tajaribu." Laiti ningekuwa na uwezo ningemfunga Tai yule kwa tai yake.

Jabir alisema vizuri. Naapa alisema vizuri. Aliwaeleza habari za lori, wateja wake, jinsi anavyowapigia simu vikongwe baridi ikizidi kuwauliza tangi likoje. Akasema, mimi si kampuni kubwa, mimi na binti yangu tu, akamwonyesha Nadra kwa mkono, na Nadra, nilimwona, alikaa wima. Tai alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha mbunge mmoja mama, mwenye nywele fupi za mvi, akaomba kuuliza. Alikuwa upande wa kuupinga muswada, lakini hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali. Akamuuliza kwa upole kabisa kama kampuni yake ya bima imewahi kulipa mafuta yaliyomwagika.

"Ndiyo," Jabir akasema. Wala hakusita. "Kwa bibi mmoja. Tangi lake lilitoboka."

"Na wewe ulimwambia nini huyo bibi?"

"Nilimwambia I'm sorry."

Nikasikia watu wanageuka kwenye viti. Mama yule akavua miwani. Akamuuliza, "Uliomba radhi?"

"Ndiyo. Hapana." Jabir akanitazama mimi, akamtazama Nadra. "Nilimwambia sorry, lakini si sorry ya kukosa. Kwetu tuna neno. Pole."

Mwenyekiti wa kamati akamwomba alitaje neno hilo herufi kwa herufi, liandikwe. Jabir, maskini, kwa heshima zake zote, akasogea kwenye kipaza sauti akalitaja kwa Kiingereza: pi, o, eli, i. Mwenyekiti akaangalia alichoandika. Akainua uso.

"Pole?" akasema, akilitamka kwa lugha yao, na kwa lugha yao herufi zile ni nguzo. "Bwana, lori lako liligonga nguzo?"

Baadhi ya watu wakacheka. Jabir naye akatabasamu, kwa adabu, hajui wanacheka nini. Hapo mimi nikashindwa. Nikasimama nikapiga kelele, "Alimpa pole! Hakukosa kitu! Alimpa pole!" Nilisema kwa Kiswahili. Kiingereza chote ninachokemea nacho watoto ndani ya basi kilinikimbia. Askari akanijia, akanigusa bega, nikakaa. Taa nyekundu ikawaka, dakika zake zikawa zimekwisha.

Mama yule wa mvi akawageukia wenzake akasema, nafikiri bila ubaya wowote, kwamba bwana huyu ni mtu mwema, lakini habari yake haihusiani na ESG. Kampuni imemwacha dereva aliyekiri kumwaga mafuta. Hakuna sheria, iliyopo wala inayoletwa, inayozuia hilo.

Watu hawa wana maneno ya kila kitu. Wana neno la theluji laini na neno la theluji ngumu, wana neno la mbwa wa kila umbo. Sisi mtu akipatwa na jambo tunampa pole, na tukimkosea tunamwomba radhi, na mtoto wa miaka mitatu hachanganyi hayo mawili. Wao yote wameyatia kwenye kijineno kimoja, kisha wakakifanya kiwe ushahidi. Nilikaa pale na hasira, na hasira yenyewe sina wa kumpa.

Tai hakutuaga. Tulimwona kwenye ukumbi wa nje amegeuza mgongo, anaongea na simu. Nasikia muswada wenyewe uliwekwa kando mpaka kikao kingine, na watatafuta shahidi mwingine. Sikufuatilia.

Njiani kurudi tukapita Fredericksburg. Ndipo Jabir akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "Nadra, mwanangu, pole kwa Kiingereza wanasemaje?"

Nadra aliiweka simu yake chini. "There isn't one, Baba."

"Mtu akifiwa?"

"Sorry."

"Ile ile?"

"Ile ile," Nadra akasema, kwa Kiswahili, na nilijua hapo kwamba analia. Kisha akasogea mbele akamshika baba yake bega. "Baba, please. You have to stop saying sorry to people. Promise me."

"Haya, mwanangu," Jabir akasema. "Nimeacha."

Ndirangu naye sasa akaenda kuuliza alichotakiwa kuuliza tangu mwanzo. Akaambiwa ndivyo: yule bibi alilipwa kama aliyemwagiwa na Jabir, na Jabir mwenyewe alikiri kwenye simu. Hizo herufi tatu zake za ESG hazikuwamo kabisa. Kampuni nyingine nazo zilipouliza zikapewa habari hiyo hiyo, zikakataa. Nikasema twende kwa Bi Whitlow aseme ukweli. Kijakazi akaniambia, "Wee Domina, umesahau? Bibi alikufa kiangazi. Baba Nadra alikwenda kumzika." Kumbe nilisahau. Na huko makaburini, kwa jinsi ninavyomjua, aliwashika mikono watoto wa marehemu mmoja mmoja akawaambia kwamba yeye ni sorry sana. Ndirangu alikuja kwa Jabir kuomba msamaha, akakaa kwenye ncha ya kochi, chai hakuigusa. Jabir akamwambia amemsamehe, na alikuwa kweli amemsamehe.

Bima ikaisha. Lori likasimama mbele ya nyumba, na baridi bado iko palepale. Vikongwe wakawa wanapiga simu, "Jabir, unakuja lini?" na yeye anawapa namba za kampuni kubwa. Nilimsikia kupitia ukutani. Anataja namba, anairudia taratibu, anakata. Mwishowe akaja mtu wa Manassas akalinunua. Jabir hakutoka nje kumwangalia akiliondoa, lakini Nadra alitoka. Alisimama barabarani bila koti, akalitazama lile neno Binti mlangoni mpaka lori lilipokata kona. Mtoto yule aliyekuwa akiomba ashushwe mbali na shule! Nilimfuata nikamfunika kwa kanga yangu.

Jabir sasa anafanya kazi kwenye ghala moja kubwa, anapanga maboksi. Kazi si mbaya na bima ni ya mwenye ghala. Watu wakanipongeza kama mimi ndiye niliyempatia, wakasema amepata pa kutulia. Lakini mimi jirani yake nikaanza kuona kitu. Nilikuwa narudi na basi langu la kelele, namkuta amekaa kwenye ngazi za mlango wake, ananiambia, "Umerudi, dada." Basi. Mara ya kwanza nikadhani ana mawazo. Mara ya pili nikapiga chafya makusudi, Mungu anisamehe, chafya ya uongo kubwa. Akaniangalia, akaangalia chini.

Kijakazi aliniambia yaliyokuwa ndani. "Shoga, niliungua mkono juzi kwa mafuta ya kaangio, nikapiga ukelele. Kaja mbio, kanitia mkono kwenye maji, kanipaka asali, kanifunga kitambaa. Hakunambia pole. Mume wangu miaka yote hii! Nikamwambia, baba Nadra, mie si bima, mie mkeo. Kanambia, ulimi umeshazoea kufungwa, ukiufungua kwa mmoja utafunguka kwa wote." Akalia, shoga yangu, na ule mkono uliofungwa kitambaa. Nami nilikasirika na kuhuzunika kwa pamoja, sikujua nianze na lipi. Kuna mwanamume ghalani aliangukiwa na boksi mguuni, Jabir alimbeba mgongoni mpaka kwa daktari wao, na njia nzima hakutoa sauti. Wenzake wanasema ni mtu mwema ila ana kiburi. Kiburi! Jabir!

Nadra alijaribu kumfungua. Akaja na Kiswahili chake cha kuokoteza, "Baba, mimi nilisema usiseme kwa Wamarekani. Sisi unaweza." Baba yake akampapasa kichwa tu. Mtoto yule anajilaumu mpaka sasa, na hana kosa, alikuwa anamlinda baba yake kwa lugha aliyo nayo.

Mwezi uliopita mama yangu alifariki Bukoba. Sikuweza kwenda kumzika, makaratasi yangu ya kukaa huku yako kwenye kuhuishwa, ukitoka hurudi. Kwa hiyo nililia hapahapa Woodbridge. Waswahili wakaja, Mungu awabariki, wa dini zote. Viti vikatolewa, wanawake wakakaa chini, Kijakazi akateka jiko langu. Kila aliyeingia aliinama akanishika mkono, pole Domina, pole mama, pole sana dada yangu, na mimi najibu asante, asante, mpaka sauti ikakauka. Watu husema ni mazoea tu. Wasiofiwa ndio wanaosema hivyo. Kila pole ile niliihisi ikiniondolea kitu kidogo kifuani.

Msimamizi wetu wa mabasi naye akaja, mama wa Kimarekani, na maua yake. Akanikumbatia akasema, "I'm so sorry, Domina. I'm so, so sorry." Nikamshukuru. Na hakuna hata mtu mmoja mle ndani aliyemuuliza kama yeye ndiye aliyemuua mama yangu.

Jabir alikuwa ameketi karibu na mlango, kofia yake ya vito kichwani, amekuja mapema kuliko wote, ndiye aliyebeba viti. Alimsikia. Nilimwona anamtazama yule mama kwa muda mrefu. Watu walipopungua akainuka, akaja mbele yangu, akapiga magoti kama anavyofanya kwa wafiwa wazee, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akafungua mdomo. Midomo ikakutana kuanza ile herufi ya kwanza, niliiona. Kisha macho yake yakaenda mlangoni, kwa msimamizi wangu aliyekuwa anavaa koti, yakarudi, na mdomo ukafunga.

"Shemeji, niambie," nikamwambia. "Niambie tu. Mama yangu amekufa."

Akatikisa kichwa. Machozi yakawa yanamshuka mpaka kwenye ndevu.

Basi nikamwambia mimi, mfiwa. "Pole, Jabir."

Kwetu ukipewa pole unajibu nishapoa, hata kama hujapoa. Nilimngoja.